Mashine ya kutoboa nyasi tuliyoitunza kama plau: kaka anauza mtamba Jumamosi, naombeni ushauri

Milioni tatu, laki nne na elfu tisini.

Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilianzia chini kwenda juu, nikidhani labda kuna mahali nilizidisha. Sikuzidisha.

Salaam wakuu. Hizo ni hela zilizolala kwenye chuma kimoja kilichoegeshwa nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Singida mjini, na kuku wa mwenye nyumba wameanza kutagia juu yake. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe. Pale nitakapoonekana mjinga mniache hivyo hivyo, maana nilikuwa mjinga kweli.

Katika hizo hela, zangu ni milioni moja laki mbili na tisini. Zilizobaki, milioni mbili na laki mbili, ni za kaka yangu, na kwake hazikuwa hela. Zilikuwa maksai wawili wa kulimia.

Twende taratibu.

Mimi ni dalali mdogo mdogo. Leo kiwanja, kesho pikipiki, keshokutwa gunia za vitunguu za mtu nisiyemjua naenda kumuuzia mtu asiyenijua. Nikisikia bei ya kwanza huwa naona kama nimetukanwa, na ya pili naona kama nimeonewa. Hivyo ndivyo ninavyoishi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa napeleka viti vya sherehe kwenye lodge moja hapa mjini. Meneja akawa analalamika kwamba nyasi za bustani yake zinakufa. Harusi kila wiki, watu wanacheza juu yake na viatu vya visigino, magari yanageuzia humo humo, udongo umeshindiliwa kama sakafu. Akimwagilia, maji yanakaa juu halafu yanakauka. Kuna jamaa alikuwa anatoka Arusha na mashine mara moja kwa mwaka, anachukua laki nne kwa siku moja na anataka na chakula cha mchana.

Nilirudi nyumbani nahesabu lodge zenye nyasi. Nikaongeza misheni. Nikaongeza viwanja vya mpira.

Kwa wasioijua hiyo mashine: ina injini kama ya pampu ya maji, unaisukuma kwa mikono kama ya kukatia nyasi. Chini ina ekseli yenye vijibomba vya chuma, yangu ina thelathini, vina tundu katikati. Inapita inatoboa ardhi na kung'oa vipande vya udongo vyenye urefu wa kidole, inavitupa juu. Yale matundu yanaingiza maji na hewa, nyasi zinapumua. Ukimaliza, bustani inaonekana kama mbuzi mia wamelala hapo. Mteja wangu wa kwanza nusura anifukuze, ikabidi nimbembeleze asubiri wiki mbili.

Niliipata Dar kwa wauza mashine za mtumba. Bei ya kwanza milioni nne na laki mbili. Niliondoka dukani mara tatu, nikarudi mara tatu, tukaishia milioni tatu na laki moja, na kuisafirisha na kuifanyia matengenezo madogo ikala laki tatu na tisini nyingine. Sikuwa nazo.

Ndipo nikaenda Sepuka kwa kaka.

Kaka yangu amenizidi miaka kumi na miwili. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, na kuanzia hapo daftari, sare, na viboko vyote vilitoka kwake. Si mtu wa maneno. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikaongea saa nzima na nusu: lodge ngapi, siku ngapi, faida kiasi gani. Alisikiliza akiwa anasuka kamba. Mwisho aliuliza swali moja tu.

"Isipofanya kazi, inakula?"

Nikamwambia haili.

"Basi imewashinda hawa," akasema, akawaangalia ng'ombe wake.

Wiki iliyofuata aliwapeleka mnadani wote wawili. Makubaliano yalikuwa haya: msimu wa kwanza atakodi maksai wa jirani, na mvua za msimu wa pili zikianza tu, mashine irudishe maksai wake. Hatukuandikishana. Ni kaka.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri, nisiseme uongo. Kuanzia Januari hadi Aprili nilitoboa bustani za lodge nne, misheni moja upande wa Itigi, na nyumba ya mstaafu mmoja aliyekaa na kiti chake ananihesabia mistari. Fungu la kaka liliishia kwenye kukodi maksai na ada ya watoto. Fungu langu mnalijua lilikoishia, sote tunabeti kwenye simu. Lakini dili la kulipa maksai lilikuwa la msimu wa pili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Hii mashine haifanyi kazi kwenye ardhi kavu. Mwezi wa tano nilijaribu kwenye kiwanja kimoja, vijibomba viwili vikapinda kama misumari ya bati. Na huku kwetu mvua ikishakata, imekata. Kwa hiyo mashine inalala miezi saba. Nikatafuta stoo mjini, nikatajiwa elfu thelathini kwa mwezi. Mara saba, laki mbili na kumi. Nikarudia hesabu, ikawa ile ile, nikaagana na mwenye stoo.

Yule muuzaji wa Dar alikuwa mtu mwema kuliko nilivyostahili. Siku nanunua aliniandikia kwenye kipande cha boksi namna ya kuilaza. Osha, toa udongo wote ndani ya vijibomba, kausha. Maliza petroli. Piga grisi kwenye beringi kwa pampu mpaka ya zamani itoke, paka na mnyororo. Kila mwezi izungushe ekseli kwa mkono. Na chini kabisa: ikikwama usiilazimishe.

Nilikikunja nikakiweka kwenye pochi. Bado kipo.

Nikaenda kununua grisi. Kopo elfu kumi na nane. Nikabishana na mwenye duka mpaka elfu kumi na nne. Mimi nilitaka kumi na mbili. Akakataa, nikaondoka kama ninavyoondoka siku zote, nikitegemea ataniita. Hakuniita.

Na mimi sikurudi.

Nikaipakia kwenye fuso lililokuwa linafuata alizeti, nikaishusha Sepuka kwa kaka. Stoo ya bure. Kaka akaizunguka, akaigusa gusa, akaniuliza inatunzwaje.

Wakuu, pochi ilikuwa mfukoni. Kile kipande cha boksi kilikuwa kwenye pochi. Lakini kukitoa ni kusema pia kwamba grisi sikununua, na nilikuwa na haraka, fuso lilikuwa linapiga honi.

Nikamjibu, "Chuma ni chuma, kaka. Itunze kama plau."

Kwa ambao hamjakulia huku niwaeleze plau inavyotunzwa. Kulima kukiisha unaiosha, unaipaka mafuta ya alizeti, yale mazito ya mashine ya kijijini yasiyochujwa, halafu unaitundika jikoni juu ya moto. Moshi na mafuta vinaifanya nyeusi kama sufuria, na kutu haiigusi. Plau ya marehemu baba imenizidi umri na bado inalima. Na inafaa kabisa kwa plau, kwa sababu plau haina cha kuzunguka isipokuwa kale kagurudumu ka mbele, ambako nako kakilia hakuna anayekajali.

Mashine ina kilo zaidi ya mia. Haitundikiki. Kaka akaingiza magogo mawili jikoni, akaipandisha juu yake, ubavuni mwa moto. Petroli aliitoa mwenyewe mpaka tone la mwisho, kwa kuwa ni jikoni na ana akili kuliko mimi. Halafu kila Jumapili jioni anachukua kitambaa na kibuyu cha mafuta, anaipaka. Kila Jumapili. Ekseli, mnyororo, vijibomba kimoja kimoja, pembeni mwa beringi alikuwa anamiminia ili yaingie ndani.

Shemeji yangu alilalamika hana pa kukaa. Nilipowatembelea mwezi wa nane aliniambia, "Shemeji, huyu mgeni wenu wa Dar haongei, haagi, na amekaa karibu na moto kuliko mimi mwenye nyumba."

Tukacheka. Mashine ilikuwa inang'aa, nyeusi tii, hata vumbi halijashika. Nikaipiga picha, nikamtumia mteja mmoja, nikamwandikia kwamba iko kwenye matunzo maalumu.

Miezi saba. Jumapili zisizopungua ishirini na nane. Hizo nazo nimezihesabu mara mbili.

Desemba mvua zikaanza, na dili likaja, kubwa kuliko yote. Jamaa mmoja ana kiwanja chake cha mpira chenye nyasi nje kidogo ya mji, anataka kitobolewe chote. Kazi ya siku nne, milioni moja na nusu baada ya kubishana kwa siku mbili. Ukijumlisha na vibustani viwili vitatu vilivyokuwa vinasubiri, maksai wa kaka walikuwa wamerudi. Nikampigia. Akasema atakuja na mashine, anataka kuiona ikifanya kazi, maana msimu wa kwanza alikuwa shambani.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani.

Nikaweka petroli, nikavuta kamba. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka. Kaka akacheka, na kaka yangu kucheka mbele za watu si jambo la kila mwaka.

Nikavuta mkono wa kuzungusha ekseli.

Ekseli haikuzunguka. Mkanda ukaanza kutoa moshi. Nikaachia, nikavuta tena, kitu kile kile. Nikainama kuushika mnyororo, ulikuwa umenyooka kama fimbo. Unaushika mwisho mmoja na wa pili unanyanyuka nao.

Mwenye kiwanja alikuwa amesimama mikono nyuma. Kando yake kuna vijana wa kufyeka wanaotazama kama wamelipa kiingilio. Mmoja akasema, "Hiyo ni mashine au ni jiko la mkaa?"

Nilijua kilichoandikwa kwenye boksi. Ikikwama usiilazimishe. Nilikijua kwa kichwa.

Nikafungulia injini mpaka mwisho, nikavuta mkono kwa nguvu zote.

Ule mlio ni kama kutafuna jiwe ndani ya wali, ila jiwe lenyewe ni kubwa na meno ni ya mtu mwingine. Halafu injini ikawa nyepesi, inanguruma vizuri kabisa, haina inachozungusha.

Tukamwita fundi kutoka mjini, huyu huyu wa pampu na pikipiki. Akafungua kifuniko. Gia ndogo imekatika meno manne. Akaendelea kufungua. Beringi zimejaa kitu cheusi, kigumu, kinanata kidogo ukikipasha moto. Akakwangua kwa bisibisi, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi tu.

Akauliza, "Nani alipaka alizeti humu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama daktari anavyouliza mgonjwa alikula nini.

Akaeleza kwamba mafuta ya kula si ya kulainisha. Yakikaa yanakauka, yakipata joto ndiyo kabisa, yanakuwa kama vanishi. Tabaka juu ya tabaka, na moshi umo. Vile vijibomba vilikuwa na udongo ndani, ambao nao ulikunywa mafuta ukakaushwa na moto miezi saba, umekuwa tofali. Matofali thelathini.

Halafu akarudia swali.

Kaka akasema, "Ni mimi."

Wakuu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Ningesema "mimi ndiye niliyemwambia", likaisha.

Nikainama nikajifanya naokota spana.

Mwenye kiwanja hakuwa mtu wa kusubiri. Aliwachukua wale wale vijana na wengine wanane, akawapa nondo zilizochongwa, wakatoboa kiwanja kwa mikono kwa siku sita. Sijui kama ni kazi nzuri, sikuweza kwenda kuangalia.

Sisi tulipakia mashine kwenye kirikuu kuirudisha kwangu. Kaka alikaa nyuma pamoja nayo, akiishika isiyumbe. Tulipofika tukaishusha, akajipangusa mikono kwenye lile koti, akasema kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba amenitia hasara, nimsamehe, hakujua.

Nikamwambia, "Usijali, kaka. Yamepita."

Someni tena hapo. Nilimsamehe. Kosa langu, halafu mimi ndiye niliyetoa msamaha.

Nikampigia yule muuzaji wa Dar. Gia ipo moja, imetolewa kwenye mashine iliyokufa, pamoja na beringi mbili na mnyororo ni laki nane na nusu hadi inafika Singida. Mdomo ukabishana wenyewe mpaka laki saba na themanini, sijui hata kwa nini, sina hata themanini zenyewe. Kabla hatujakata simu akaniuliza kama nilifuata yale maelekezo yake. Nikasema mtandao unasumbua.

Sasa hali ilivyo.

Huko Sepuka mvua imeshika. Majirani wenye maksai wanalima kwao kwanza, ndivyo inavyokuwa, na foleni ya kukodi ni ndefu. Kaka ana ekari sita. Mpaka jana alikuwa amelima moja na nusu, kwa jembe la mkono, yeye na shemeji na watoto wawili wakubwa kabla ya kwenda shule. Mtu wa miaka hamsini na mbili. Alizeti ukichelewa kuipanda unavuna vichwa vitupu vya kuchezea watoto.

Jana jioni shemeji ndiye aliyenipigia, si kawaida yake. Akasema kaka yangu hali vizuri, akikaa anaangalia mikono yake. Akasema ameamua kuuza mtamba wao mmoja aliyebaki, ana mimba ya miezi mitano, ili anipe hela ya kununua vifaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu. Akanisihi nisimwambie kaka kwamba amenipigia, na nikiongea naye nisimlaumu sana.

Nisimlaumu sana.

Nilimwambia sawa, shemeji. Nikakata simu, nikakaa kwenye ndoo.

Kinachonitafuna zaidi ni hiki. Kaka yangu hasahau. Anakumbuka ng'ombe aliyekufa mwaka gani na alikufa na ugonjwa gani. Haiwezekani amesahau kwamba mimi ndiye niliyesema itunzwe kama plau. Siku ile pale kiwanjani, mbele ya fundi na mwenye kiwanja na wale vijana, aliposema "ni mimi", sijui kama alikuwa anaamini hivyo au alikuwa ananisitiri. Nimeligeuza usiku kucha. Kama anaamini, basi namwibia. Kama ananisitiri, basi anajua mimi ni mtu wa namna gani, na bado anauza mtamba.

Funzo, kwa mtakaonunua hizi mashine, maana zinalipa, sitawakatisha tamaa. Ioshe siku hiyo hiyo ya kazi, udongo ukikauka ndani ya vijibomba, wewe umekwisha. Grisi ni grisi, mafuta ya mboga ni ya mboga. Toa petroli yote, mpaka ile ya kwenye kabureta. Ilaze pakavu, mbali na moto, uzito usikalie vijibomba, na izungushe kwa mkono kila mwezi ili ujue mapema kama inaanza kugoma. Na anayekutunzia mali yako mwambie ulichoambiwa, chote, hata kama kinakuumbua.

Kinachonileta hapa ni maswali mawili.

La kwanza la kifundi. Beringi nimeziloweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, nikajaribu petroli, nikajaribu dizeli ya moto. Mnyororo umelegea kidogo, beringi bado. Vijibomba natoboa kwa nondo, nimefungua kumi na kimoja kati ya thelathini. Anayejua kinachoyeyusha alizeti iliyogeuka vanishi bila kula chuma aniambie. Na kama kuna fundi mchongaji wa gia Dodoma au hata Manyoni anayeweza kunichongea kwa bei ya kibinadamu, nipeni njia ya kumpata. Bei atakayotaja nitalipa ile ya kwanza.

La pili. Mnada ni Jumamosi, ng'ombe wanaanza kushushwa saa mbili asubuhi. Leo ni Alhamisi. Nimeandika meseji ya kumweleza kaka ukweli mara nne, nimefuta mara nne. Nikimpigia simu, nakata kabla hajapokea. Nikienda mwenyewe, nitamkuta shambani na jembe, mbele ya mke wake na watoto, na sijui nianzie wapi baada ya shikamoo.

Aliyewahi kukaa mahali kama hapa, kwa kaka au kwa mzazi, alianza na neno gani? Naombeni mnisaidie hilo neno la kwanza tu. Basi la Sepuka linaondoka kesho mchana.